Mkanda Unaojiimbia: Katuni ya 1929 Ninayoanzia Kufundisha Sauti

Kabla sijamkabidhi kijana bumu, ile fimbo ndefu ya kushikia maikrofoni, na hedfoni, namkalisha kwanza aangalie katuni. Ni ya mwaka 1929, nyeusi na nyeupe, dakika kama kumi tu, na jina lake ni Finding His Voice. Wahusika wakuu si watu wala wanyama. Ni vipande viwili vya mkanda wa filamu, vimechorewa uso, mikono na miguu, na vinatembea. Mmoja anaitwa Talkie, mwenzake Mutie. Kwa lugha yetu ningewaita Msemaji na Bubu, na hivyo ndivyo nitakavyowaita kuanzia hapa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Bubu anakutana na Msemaji, anamkuta anaongea na kuimba, na yeye hana sauti. Anatamani. Msemaji anamwelekeza kwa mtaalamu wa mambo hayo, Dr. Western. Daktari huyu hana dawa ya kunywesha mtu. Anachofanya ni kuonyesha njia nzima inayopitwa na sauti, toka mdomo wa mwimbaji studio hadi spika zilizo nyuma ya pazia la sinema, na njiani kote kuna muziki na vichekesho. Mwishowe Bubu anapata sauti, na wawili hao wanaimba pamoja.

Jina la daktari linatokana na Western Electric, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya simu, nayo ndiyo iliyotaka katuni hii itengenezwe ili ieleze mfumo wake wa kurekodi sauti juu ya filamu. Kwa hiyo ndani yake mna tangazo la biashara. Lakini nimeifanya kazi ya sauti kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye seti na mezani kwa kuchanganya sauti, na sijaona somo jingine fupi linaloeleza kiini cha kazi yetu vizuri kama hili.

Waliochora ni Max Fleischer na F. Lyle Goldman. Fleischer alikuwa mtu wa vionjo viwili ambavyo ni nadra kukutana ndani ya kichwa kimoja. Upande mmoja alikuwa fundi: ndiye aliyebuni rotoskopu, kifaa cha kuchora katuni kwa kufuatisha picha za mtu halisi, akapewa hataza yake mwaka 1917, na mwaka 1923 alitoa filamu ya kueleza nadharia ya Einstein ya uhusianifu. Upande wa pili alikuwa mtu wa kuchangamsha ukumbi. Kuanzia 1924 alitoa katuni za nyimbo ambamo mpira mdogo unarukaruka juu ya maneno, silabi kwa silabi, na watazamaji wanaimba kwa kuufuata. Baadhi ya katuni hizo zilitolewa zikiwa na sauti juu ya filamu kwa mfumo wa mvumbuzi Lee de Forest, kabla hata ya The Jazz Singer ya Oktoba 1927, ambayo watu wengi huidhani ndiyo filamu ya kwanza yenye sauti. Kwa hiyo Western Electric walipotaka mtu wa kueleza umeme huku watu wanacheka, hawakubahatisha.

Waimbaji waliotia sauti ni Billy Murray na Walter Scanlan, na hapa nataka kutulia kidogo. Murray alikuwa miongoni mwa waimbaji waliouza sana santuri Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za kurekodi kwa pembe. Wakati huo hapakuwa na maikrofoni. Mwimbaji alisogeza uso kwenye mdomo wa pembe kubwa akaimba kwa nguvu, na nguvu hiyo hiyo ya pumzi zake ndiyo iliyotikisa sindano ikachimba mfereji kwenye nta. Hakuna umeme, hakuna kitufe cha kuongeza. Ukinong'ona, hakuna kinachoandikwa. Ndiyo maana ukisikiliza santuri zake za zamani utasikia kila neno limegongwa kama msumari. Mwaka 1925 kampuni za santuri zilihamia kwenye kurekodi kwa umeme, kwa vifaa vilivyobuniwa na wahandisi wa Western Electric hao hao, na ghafla mwimbaji wa sauti ya chini, ya karibu, akawa ndiye anayetafutwa. Namna ya kuimba ya Murray ilikuwa ya enzi ya pembe. Miaka minne baadaye sauti yake inasikika ndani ya katuni inayosifu maikrofoni, ikitoka kwa kipande cha filamu kilichochorewa mdomo. Kila ninapomsikia humo nasikia enzi mbili kwa pamoja, na naomba wanafunzi wangu nao wazisikie.

Sasa tuingie studio.

Maikrofoni za wakati ule, zilizobuniwa na mhandisi E. C. Wente wa Western Electric mnamo 1916, zilikuwa na kiwambo cha chuma chembamba sana kilichovutwa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Tofauti ni kwamba ngoma inapigwa ili itoe sauti, ilhali hiki kinapigwa na sauti ili kitoe umeme. Mwimbaji akiimba, hewa inakisukuma, kinatikisika, na mtikisiko huo unakuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Mkondo ni mdogo mno, unapitishwa kwenye amplifaya ukuzwe, kisha unafika kwenye kifaa ambacho kwangu mimi ndicho moyo wa habari yote hii.

Huyo huyo Wente alibuni kilango cha mwanga. Chukua waya bapa mwembamba, utepe wa duralumini, aina ya aloi ya alumini, ukunje uwe na pande mbili zilizolala sambamba ndani ya sumaku yenye nguvu. Kati ya pande hizo acha upenyo wa inchi 0.002, yaani kama milimita 0.05, mwembamba kuliko unywele. Pitisha mkondo wa sauti kwenye utepe. Sumaku inazisukuma pande mbili zitengane, zikaribiane, zitengane, zikaribiane, kwa mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, kwa kuifuata sauti. Weka taa nyuma na filamu mbichi mbele. Upenyo ukifunguka mwanga mwingi unapita, ukibana mwanga unapungua, na filamu inayokimbia mbele yake inachomwa mistari myeusi na myeupe. Hapo sauti imekuwa picha.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashine katika jumba moja la sinema, na mimi nilianza kupanda naye chumba cha mashine nikiwa darasa la tano. Siku moja mkanda ulikatika, akaukata kipande cha kama shubiri ili aunge vizuri, akanipa kile kilichobaki.

"Mjomba, peleka dirishani. Shika kwa pembeni, usiguse katikati."

Nikakiinua kwenye jua. Nikaona picha ndogo za mwanamke aliyevaa sari, zote zinafanana. Mjomba akaja nyuma yangu akaelekeza ukucha kwenye ukingo, kati ya picha na matundu. Palikuwa na mstari mweupe wenye meno, kama msumeno uliolazwa, mahali pengine meno marefu, mahali pengine hakuna kitu.

"Hapo anaimba," akasema. Akashusha ukucha kidogo. "Hapo kanyamaza."

Ile ilikuwa aina ya pili ya kuandika sauti, ambayo kampuni ya RCA iliisukuma mbele: upana wa mstari ndio unaobadilika. Kwenye katuni yetu ni ile ya kwanza, ya kilango cha mwanga: upana haubadiliki, kinachobadilika ni weusi, na mstari unaonekana kama ukindu uliosukwa kwa rangi mbili, vijimstari vyeusi na vya kijivu vimepangana mmoja juu ya mwingine. Msemaji na Bubu wanatofautiana hapo hapo. Mmoja ana mstari huo mwilini, mwenzake hana.

Na hayo unaweza kuyapima kwa rula. Filamu ya milimita 35 yenye sauti hukimbia futi 90 kwa dakika, yaani inchi 18 kwa sekunde, kama sentimita 45.7. Mwimbaji akitoa noti ya mawimbi 440 kwa sekunde, mawimbi hayo 440 yanajipanga ndani ya sentimita 45.7, kila moja ni kama milimita moja. Unaliona kwa macho matupu. Lakini mwambie huyo huyo atamke "sisimizi". Ule msisimko wa herufi "s" una mawimbi elfu tano kwa sekunde na zaidi, na kila wimbi linabanwa lisifike hata milimita 0.1. Lenzi ikiwa imepoteza shabaha kidogo, au utepe umelegea, "s" ndiyo inayokufa kwanza, na mtazamaji wa viti vya nyuma anabaki na "iimii". Sisi tunaosafisha mazungumzo leo kwenye kompyuta bado tunahangaika na "s" zaidi ya herufi zote nyingine, ingawa sababu zimebadilika.

Kabla ya haya, kasi ya filamu haikuwa na adabu hiyo. Mpiga picha wa filamu bubu alizungusha kamera kwa mkono, mara picha 16 kwa sekunde, mara 20 na zaidi, na mwenye sinema naye aliweza kuendesha mashine haraka ili maonyesho yaishe mapema. Picha inavumilia hilo. Sauti haivumilii, maana kasi ikipanda kidogo tu noti nayo inapanda, na ikipanda sana mwimbaji wa besi anakuwa mtoto. Picha 24 kwa sekunde zinazotajwa hadi leo kwenye menyu ya kamera yako zilikuja kwa sababu ya sauti. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia mtu anasema sauti ni kitu cha kuongezea mwishoni. Namba ya kwanza kabisa unayochagua kabla ya kupiga picha iliwekwa na watu wa sauti.

Na studio zenyewe ziligeuzwa. Taa za kaboni zilizotumika zamani zilikuwa zinavuma, zikabadilishwa zikawekwa za balbu. Kamera ilikuwa inakereza kama cherehani, ikafungiwa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti pamoja na mpiga picha wake, chenye kioo mbele, na waliofanya kazi humo walitoka wameloa jasho. Mwongozaji aliyezoea kupiga kelele "Lia! Geuka! Mshike mkono!" huku kamera inazunguka, akalazimika kufunga mdomo. Mtu wa sauti alikaa kwenye chumba chake pembeni, na akitikisa kichwa, kazi inarudiwa. Kwa muda mfupi katika historia sisi ndio tulikuwa wakubwa kwenye seti.

Jambo jingine ambalo vijana hushtuka kulisikia: studio ya wakati ule haikurekodi sauti na picha kwenye mkanda mmoja. Palikuwa na mikanda miwili, mmoja ndani ya kamera, mwingine kwenye mashine ya sauti chumba kingine, zikiendeshwa na mota zilizofungamanishwa kwa umeme ziende sawa. Mikanda iliunganishwa baadaye tu, wakati wa kuchapa nakala ya kupeleka sinema. Ukipiga klapa leo, kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera, ili uoanishe kamera na rekoda yako, unafanya kazi ile ile. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya picha toka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana mahojiano marefu uliyopiga kwa simu na kurekodi sauti pembeni huanza vizuri kisha midomo inaachana na maneno. Simu haina mota ile.

Kulikuwa na njia nyingine wakati huo, ya santuri. Mfumo wa Vitaphone ulitumia santuri ya inchi 16, ikizunguka mara 33⅓ kwa dakika, yenye sauti ya mkanda mmoja wa dakika kama 11. Ilikuwa na sauti nzuri. Lakini mkanda ukikatika ukaungwa picha chache zikapotea, santuri haina habari, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa mkanda mtu anafunga mlango kimya na kishindo kinakuja baadaye. Sauti ikiwa ukingoni mwa filamu yenyewe, ukikata picha umekata na sauti ya urefu ule ule, na vinaendelea kwenda pamoja. Western Electric waliuza mifumo yote miwili. Katuni yetu inatetea ule wa filamu, na historia ikaufuata.

Sasa sehemu ya sinema, ambayo wanafunzi huipata kwa shida. Ndani ya projekta, picha lazima isimame. Mkanda unashuka, unasimama mbele ya taa, unashuka, unasimama, mara 24 kila sekunde. Usiposimama utaona ukungu tu. Sauti kinyume chake: ikisimama hata kidogo, imekufa. Mkanda mmoja unawezaje kwenda kwa namna mbili?

Niliwahi kueleza hili kwa mchoro nusu saa nzima bila mafanikio, mpaka dada mmoja darasani, ambaye mama yake ni fundi nguo, akasema, "Mwalimu, si kama cherehani?" Ni kama cherehani hasa. Meno ya chini yanavuta kitambaa hatua kwa hatua, kinasimama sindano ishuke, kinavutwa tena. Lakini ukitazama kitambaa kinavyoangukia mezani nyuma ya mashine, kinateleza taratibu bila kukatika, kwa sababu kuna sehemu imelegea katikati. Kwenye projekta hiyo sehemu iliyolegea inaitwa kitanzi. Juu ya kitanzi mkanda unarukaruka kwa ajili ya picha. Chini yake unateleza laini mbele ya balbu ndogo, na mstari mwembamba wa mwanga unapenya ule ukindu wa ukingoni na kuangukia seli ya mwanga. Mistari myeusi inazuia, myeupe inapitisha, seli inageuza mwanga kuwa umeme, amplifaya inaukuza, spika nyuma ya pazia zinausema. Pazia lenyewe lina matundu madogo madogo ili sauti ipite.

Kwa kuwa sehemu hizo mbili ziko mbali, sauti ya picha fulani haiwezi kuchapwa ubavuni mwa picha hiyo. Inatangulizwa picha 20, chini kidogo ya sekunde moja. Kila mtu aliyewahi kuona sinema ya filamu ameangalia picha moja huku anasikia sauti iliyochapwa kando ya picha iliyokwisha pita, na hakujua.

Mimi nililijua kwa aibu. Mjomba alishuka kuswali akaniachia mkanda wa pili niufunge. Nikaufunga, nikawasha, nikaona fahari. Baada ya dakika moja ukumbi ukaanza miluzi. "Fundi! Fundi!" Kwenye pazia bibi harusi anafunga mdomo, na wimbo bado unatoka. Mjomba akapanda ngazi mbili mbili.

"Mkanda umefunga wewe?"

"Ndiyo mjomba."

"Kitanzi cha chini ulihesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Nilikiacha kikubwa, kama picha tano zaidi ya inavyotakiwa, na picha tano ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Muda mdogo hivyo ndio uliowafanya watu wazima mia kadhaa wapige miluzi. Alizima mashine, akakivuta kitanzi mbele ya macho yangu huku anahesabu kwa sauti, akawasha tena. Hakunigombeza. Toka siku hiyo sijawahi kuacha kuhesabu, na leo nikisogeza sauti kwenye kompyuta picha moja mbele, picha moja nyuma, naona vidole vyake.

Kinachonifanya niipende katuni hii kupita maelezo yangu yote hapo juu ni kwamba yenyewe ndiyo ushahidi wa inachokisema. Mtazamaji wa 1929 aliyemsikia Dr. Western akieleza kilango cha mwanga alikuwa anaisikia sauti hiyo kupitia mfumo ule ule anaoeleza. Maneno ya daktari yalikuwa yamechapwa ukingoni mwa mkanda uliokuwa unapita kwenye projekta juu ya kichwa cha mtazamaji, dakika hiyo hiyo. Msemaji anapojisifu ana sauti, anajisifu kwa niaba ya kipande halisi cha filamu kilichombeba. Kwa mtu aliyezoea sinema zenye mpiga piano chini ya pazia, hilo halikuhitaji hoja nyingine.

Inapatikana mtandaoni bure, maana haki zake Marekani zimekwisha. Darasani naionyesha mara tatu. Mara ya kwanza nazima sauti kabisa, nao wanagundua haraka kwamba bila sauti Msemaji ni Bubu, na daktari pia. Mara ya pili nawasha. Mara ya tatu nazima picha, nawaomba wavae hedfoni na wasisikilize nyimbo wala maneno, wasikilize kilicho chini yake. Kuna mvumo, kama mvua inayonyesha mbali kwenye mabati, na hapa na pale unapasuka kidogo. Vijana wa leo wakikutana na mvumo kama huo mkono unakwenda wenyewe kwenye programu ya kuusafisha. Nawaambia wauache. Njia za kuupunguza zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930, katuni hii haikuzipata. Weusi wa filamu ni punje ndogo za fedha zisizolingana, zimetawanyika ndani ya jelatini, na ule mvumo ni mwanga wa balbu ukipita katikati ya punje hizo, moja moja, huku Billy Murray anaimba juu yake.